Picha za Nikaha Zilizotoka Rangi ya Matope

Mpwa wangu alinipa simu yake bila kusema neno. Ndani mlikuwa na picha thelathini na sita za nikaha ya dada yake, zilizopigwa Mji Mkongwe baada ya sala ya alasiri, mkanda wake wa kwanza wa filamu maishani. Kanzu zilikuwa za kijivu. Ukuta nyuma ya watu, ambao najua ulipakwa chokaa mpya kwa ajili ya shughuli ile, ulikuwa na rangi ya mchanga uliolowa. Nyuso ndiyo zilikuwa msiba wenyewe: hudhurungi iliyoingia ukijani, macho hayaonekani, na juu ya yote chengachenga kama mtu amenyunyiza vumbi la kahawa.

"Mjomba, filamu imeungua," akasema mwishowe.

Neno hilo nalijua tangu utoto. Zamani picha ikiharibika kwa namna yoyote ile, kamera imefunguliwa mchana, mkanda umenasa, flashi haikuwaka, jibu lilikuwa hilo hilo: imeungua. Lilimtosha fundi na lilimtosha mteja. Nikamwambia tusiyape maradhi jina kabla ya kumuona mgonjwa, kisha nikamuuliza negativu ziko wapi.

Ziko maabara, bara. Alipeleka mkanda kwa mtu anayekwenda Dar, akaomba ukishasafishwa atumiwe picha kwa WhatsApp, na negativu hakuziulizia. Hapo nilikaa kimya kidogo, maana ningesema ningemuumiza. Picha aliyonionesha ilikuwa imepita mikono mitatu kabla ya kunifikia: filamu yenyewe, skana ya maabara iliyojaribu kuisawazisha, na WhatsApp iliyoibana. Kuhukumu rangi kwa ushahidi wa namna hiyo ni kama kuhukumu mchuzi kwa harufu ya mlangoni. Tukaagiza negativu zirudi kwa boti.

Zilipokuwa njiani nilimhoji. Kamera ilikuwa Canonet G-III QL17, ya babu yake, ile ndogo yenye lenzi ya milimita 40. Ilitoka mwaka 1972, mwaka uleule ambao Kodak walileta utaratibu wa C-41, ambao hadi leo ndio unaosafishia karibu negativu zote za rangi duniani. Kwa hiyo kamera na dawa ni rika moja, na zote mbili bado zinafanya kazi. Filamu ilikuwa Kodak Gold 200, imeletwa na jamaa kutoka Ulaya kwenye begi la mkononi, tarehe yake haijapita. Betri alinunua kwa fundi saa Darajani. Aliiweka kamera kwenye A, akachagua kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde "ili picha zisitikisike," na akaiachia kamera ichague tundu la lenzi yenyewe.

Washukiwa wake walikuwa watatu: mashine ya eksirei ya uwanja wa ndege, joto la hapa kwetu, na maabara. Wangu alikuwa mmoja tu, lakini nilijizuia.

Negativu zilipofika tulizima taa, tukaweka simu yenye kioo cheupe mezani, na kuzilaza juu yake. Anayeanza filamu akijifunza kusoma negativu kabla ya kujifunza kitu kingine chochote atajiokolea fedha nyingi, na kusoma kwenyewe si kugumu. Kila kitu kimegeuzwa. Penye mwanga mwingi pameiva, peusi. Pasipopata mwanga pamebaki rangi ya chungwa tupu, ile rangi ya filamu yenyewe. Kanzu inatakiwa iwe nyeusi nzito. Uso wa mtu mweusi unatakiwa uwe mwepesi kuliko kanzu, lakini uwe na kitu ndani yake: ukiangalia kwa makini uone mpaka wa pua, kivuli cha shavu, mkunjo wa paji.

Kwenye mkanda wake nyuso zilikuwa chungwa tupu, yaani matundu yenye umbo la watu. Hata kanzu, zilizotakiwa kuwa zito, zilikuwa nyepesi kama karatasi ya kuangazia. Filamu ile haikuungua. Ilikuwa na njaa.

Washukiwa walianguka mmoja baada ya mwingine juu ya kioo kile kile. Miale ya uwanja wa ndege huongeza ukungu juu ya filamu: ingeifanya iwe nzito mahali pote, hata kwenye zile nafasi baina ya picha na picha, na mara nyingine huacha mistari au mawimbi. Nafasi zake zilikuwa safi. (Hii haimaanishi uwanja wa ndege hauna madhara. Mashine mpya za CT zinazotumika kwenye viwanja vikubwa ni kali kwa filamu ambayo haijasafishwa, na busara ni kuomba mabegi ya filamu yakaguliwe kwa mkono.) Joto na uzee nao huleta ukungu wa namna hiyo, pamoja na kuyumbisha rangi, na dalili haikuwepo.

Maabara iliokolewa na maandishi ya pembeni. Ukingoni mwa filamu kuna jina lake na namba za picha, 1, 1A, 2, 2A na kuendelea. Maandishi hayo huchapwa kwa mwanga kiwandani, kwa kipimo kile kile, lakini hayatokei mpaka filamu isafishwe. Kwa hiyo ni shahidi asiyehongeka. Yakitoka hafifu, dawa ilikuwa imechoka au ya baridi. C-41 inataka nyuzi 37.8 za Selsiasi na dakika 3 na sekunde 15 kwenye dawa ya kwanza, na haisamehe uzembe. Yake yalikuwa meusi, makali, yanasomeka vizuri kabisa. Maabara ilifanya kazi yake. Mwanga ndio haukuingia.

Akaniuliza swali la haki: kama kamera ilikuwa inapima yenyewe, na alifuata ilivyosema, kosa ni la nani?

Tukarudi kwenye baraza picha zilipopigwa, saa kumi na nusu, jua likiwa pale pale lilipokuwa siku ya nikaha. Watu walikuwa wamekaa kivulini. Nyuma yao, kwa upande wa kushoto, ukuta wa chokaa ulipigwa na jua la magharibi mpaka unaumiza macho. Nikamkalisha mtoto wa jirani alipokaa bwana harusi, nikachukua kipimo changu cha mkononi, nikapima mwanga unaomwangukia usoni. Kwa filamu ya 200 na kasi ya 1/250 kikasema f/5.6, ambayo ni namba ya tundu la lenzi: namba ikikua, tundu linakuwa dogo. Huo ndio ukweli wa uso ule saa ile.

Nikamwambia atazame ndani ya kamera yake, mshale uko wapi. Ulikuwa kwenye 16.

Wapiga picha huhesabu mwanga kwa hatua, na kila hatua moja chini ni nusu ya mwanga uliotangulia. Kutoka 5.6 kwenda 8 ni hatua moja, 11 ya pili, 16 ya tatu. Hatua tatu ni nusu ya nusu ya nusu. Nyuso za wageni wa nikaha zilipata sehemu moja ya nane ya mwanga zilizohitaji. Kodak wenyewe wanasema Gold 200 inavumilia hatua mbili za upungufu na tatu za ziada, na ukiniuliza mimi, hiyo mbili ni ya ukarimu: hatua moja ya upungufu tayari unaiona kwenye vivuli. Tatu ni nje ya uzio kabisa.

Ila tatu hizo hazikutoka mahali pamoja, na hapa ndipo kisa kilipoanza kuninogea. Niliitoa ile betri ya Darajani nikaweka yangu, tukaelekeza kamera pale pale. Mshale ukashuka kutoka 16 mpaka 11. Hatua moja ilikuwa ya betri.

Kamera za zama zile zilitengenezwa kwa betri ya zebaki, PX625, yenye volti 1.35, ambayo ilikuwa na sifa moja nzuri: volti yake haikuyumba mpaka siku ya kufa. Zebaki ni sumu, na kufikia miaka ya 1990 betri hizo zilikuwa zinapigwa marufuku nchi baada ya nchi. Siku hizi unachopata kwa fundi saa ni betri ya alkalini yenye umbo lile lile na volti 1.5. Inaingia vizuri, mshale unacheza, kila mtu anafurahi. Lakini kipimo cha ndani hufanya kazi kwa kupitisha umeme mwingi zaidi kadiri mwanga unavyoongezeka, hivyo volti ikizidi, kamera inadhani kumekucha zaidi kuliko kulivyo, nayo inafumba jicho. Fundi saa hakukosa, ameuza kinachoingia. Babu hakukosa, wakati wake betri ilikuwa sahihi. Betri niliyoweka mimi ni ile ndogo ya visaidizi vya kusikia, namba 675, ya zinki na hewa, yenye volti kama 1.4. Ni nyembamba kuliko nafasi yake, kwa hiyo nimeizungushia mpira wa bomba la maji. Ukishabandua ile karatasi ya mgongoni inaanza kufa polepole, ikadumu wiki kadhaa hadi miezi michache, lakini ni rahisi na inasema kweli. Tanbihi kwa mwenye kamera ya namna nyingine: baadhi ya kamera za wakati ule, kwa mfano Pentax Spotmatic, zilijengewa sakiti isiyobabaishwa na volti, kwa hiyo usikimbilie kubadili kitu kabla ya kupima.

Hatua mbili zilizobaki zilikuwa za ukuta. Kipimo cha kamera hakijui kama kinatazama kanzu au makaa. Kinadhani dunia yote, ukiichanganya, ni ya kijivu cha wastani, na kazi yake ni kuhakikisha inatoka hivyo. Ukikionesha ukuta wa chokaa unaowaka jua, kinasema mwanga huu umezidi, na kinaufinya mpaka ukuta uwe wa kijivu. Angalia tena picha: ukuta wa rangi ya mchanga uliolowa, kanzu za kijivu. Kamera ilifaulu kufanya ilichokusudia. Walioadhibiwa ni watu waliokaa kivulini, wenye ngozi iliyo chini ya hicho kijivu cha wastani hata wakiwa juani. Nikamwambia aielekeze kamera chini kwenye jiwe la baraza, lililo kivulini pamoja na watu. Mshale ukaenda 5.6, sawasawa na kipimo changu.

Kwetu pwani mtego huu uko kila mahali. Kuta nyeupe, mchanga mweupe, kanzu nyeupe, bahari inayometa, na katikati yake watu weusi. Anayejifunzia sehemu yenye mawingu na kuta za matofali ataiachia kamera ipime na atapata picha nzuri miaka miwili bila kujua kwa nini. Wa hapa anaumbuka mkanda wa kwanza.

Bado kuna swali: kwa nini upungufu wa mwanga uharibu rangi, na si kuifanya picha iwe nyeusi tu? Filamu ya rangi ina tabaka tatu kuu, moja inashika mwanga wa buluu, moja wa kijani, moja mwekundu. Zikishiba zinakwenda sambamba. Zikiwa na njaa, kila moja inakosa kwa kiasi chake. Moja imeambulia tonge, nyingine haikupata kitu. Skana ikija kuinua kile kidogo kilichopo ili uso uonekane, inainua pia tofauti baina ya tabaka, na chenga, na ule uchungwa wa filamu yenyewe. Matokeo ni yale matope yenye ukijani. Negativu iliyoshiba ni nazi iliyokomaa: ukitaka tui zito utapata, jepesi utapata. Yake ilikuwa dafu. Kamua utakavyo.

Alipoelewa hayo akanirushia jambo ambalo alilisikia mtandaoni, kwamba filamu hizi zilitengenezwa kwa ajili ya Wazungu na haziwezi rangi yetu. Sikumkatalia moja kwa moja, kwa sababu nusu yake ni kweli. Kwa miongo kadhaa maabara zilisawazisha mashine zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, maarufu kwa jina la Shirley, na ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha "sawa." Lorna Roth, mtafiti wa Kanada aliyeifuatilia historia hiyo, alionesha kwamba msukumo mmojawapo wa Kodak kuboresha rangi za hudhurungi ulikuwa malalamiko ya wateja waliotangaza chokoleti na fanicha za mbao. Yaani kabati lilisikilizwa kabla ya mtu. Lakini hayo ni ya filamu za wakati ule. Gold na Portra za leo, zote filamu za Kodak, zina uwezo wa ngozi yetu wote tunaouhitaji, na mpwa wangu alikuwa anataka historia imbebee mzigo wa betri. Nilimkatalia hapo.

Mkanda wa pili ulikuwa wa Idi, baraza ile ile, ndugu wale wale, kanzu zile zile. Tulikubaliana mambo machache. Betri ya 675. Kitufe cha ASA, kinachoiambia kamera unyeti wa filamu kwa mwanga, akiweke 100 badala ya 200, ili kila picha ipate hatua moja ya ziada kama sadaka, na maabara waambiwe wasafishe kawaida tu, wasipunguze muda. Mkanda wa negativu haudhuriki na ziada hiyo. Ndiyo kwanza unanenepa. Kabla ya kupiga aielekeze kamera kwenye kitu kilicho katika mwanga ule ule wa uso, jiwe, mlango, kanga isiyo nyeupe, abonyeze shata nusu na kushikilia, maana Canonet hukishika kipimo hapo, ndipo arudi kwenye watu na kumalizia. Na apige mapema, kabla ya saa nne, au baada ya saa kumi. Adhuhuri hapa jua linakaa utosini na macho yote yanageuka mashimo, hakuna filamu itakayokusaidia. Ule mwanga wa dhahabu wa jioni unaosifiwa vitabuni vya ng'ambo kwetu ni wa kuwahi: jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, linashuka wima, na ukifungua begi taratibu umeshachelewa.

Safari hii negativu zilirudi pamoja na picha. Kabla ya kufungua simu alizilaza juu ya kioo mwenyewe. Zilikuwa nene. Uso wa bibi yake ulikuwa na kila mkunjo, na kanzu ya mjomba wake mwingine ilikuwa nyeusi lakini ukiangalia unaona darizi ya shingoni. Rangi zilikuja zenyewe, bila mtu kuzitafuta.

Si zote. Picha sita au saba zilikuwa mbaya kwa sababu nyingine, na hizi nazo nilifurahi kuziona, maana sasa upungufu wa mwanga haukuwepo wa kufichia. Tatu zilipigwa uani chini ya turubai la buluu, ambapo kila mtu alikuwa na uso wa maiti na hata pilau ilikuwa ya buluu. Mwanga ukishapita kwenye turubai umeshavikwa rangi, na ukiitoa kwenye kompyuta, ngozi inarudi kidogo huku vitu vilivyoko nje ya turubai vinageuka manjano. Nilimwambia watu awasogeze ukingoni, wageuke nje. Nyingine ilikuwa ya sebuleni: upande wa mlangoni mtu ni wa buluu, upande wa taa ya balbu ni wa chungwa, kama watu wawili walioshonwa pamoja. Filamu hii imetengenezwa kwa mwanga wa mchana. Kuna kioo cha buluu, 80A, kinachosawazisha balbu, lakini kinakula hatua mbili, na kwa filamu ya 200 ndani ya nyumba huna hatua mbili za kugawa. Zima balbu, mkalishe mtu karibu na mlango. Au tumia flashi, ambayo rangi yake ni ya mchana. Moja, ya watoto chini ya mwembe, ilikuwa na ukijani mwepesi wa majani kwenye mashavu. Hiyo tuliiacha. Mimi naipenda.

Lililomsumbua zaidi lilikuja mwishoni. Niliipiga negativu moja kwa kamera yangu ya dijitali juu ya taa bapa, nikaigeuza, na rangi zikatoka tofauti na za maabara: zangu za joto, zao za baridi kidogo. Akauliza ya kweli ni ipi. Hakuna. Negativu haina rangi moja ya kweli iliyofichwa ndani. Ina mali, na kila skana na kila mtu aliye nyuma ya skana anaitumia kwa ladha yake. Kwa hiyo kabla ya kusema filamu fulani ina rangi nzuri au mbaya, uliza nani aliiskani. Vijana wengi wanabadilisha filamu kila mwezi wakitafuta rangi ambayo kwa kweli ni ya mtu wa maabara. Nilimshauri akae na Gold 200 na maabara moja kwa mikanda mitano, abadilishe mwanga tu. Akakubali kwa shingo upande, kwa sababu tayari alikuwa ameshaagiza Ektar, filamu nyingine ya Kodak.

Picha moja ya nikaha tulijaribu kuiokoa. Tuliiskani upya, tukaondoa rangi zote, na kwa nyeusi na nyeupe ikakaa kidogo, ingawa macho ya bwana harusi hayakurudi. Nikaichapisha hivyo, nikampelekea dada yangu pamoja na ile nzuri ya Idi. Nilipokwenda wiki iliyofuata, ya Idi ilikuwa kwenye droo. Aliyoitundika sebuleni haikuwa hata ile niliyoisafisha. Alikwenda mwenyewe dukani kuchapisha ile ya WhatsApp, yenye matope, kubwa, kwenye fremu ya dhahabu. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia siku ya Idi yule wifi yake wa Pemba hakuja, na kwenye hii yupo, pale nyuma, ukiangalia vizuri. Niliangalia vizuri. Kuna umbo.